Presha ya Kibeti

Saa mbili kasorobo, asubuhi ya Jumatatu, Fundi alichuchumaa ubavuni mwa Kibeti, akafuta kidirisha cha oili kwa kitambaa na kukitazama. Oili ilikuwa katikati ya alama, rangi ya asali, haina povu. Akasimama, magoti yakalia, akatia tiki kwenye kadi ya kazi.

Kibeti ni mtambo mdogo wa kijiko, mfupi na mpana, wenye mikono miwili ya chuma inayopita kulia na kushoto kwa opereta. Opereta anaingilia mbele na kutokea mbele, chini ya mikono hiyohiyo. Mlango mwingine hakuna. Kijiko kikivuliwa, mtambo unaweza kuvishwa kitu kingine: fagio, keekee ya kuchimbia mashimo, au nyundo ya kuvunjia zege. Vitu hivyo havina injini yake. Vinakula presha ya oili ya Kibeti kupitia mipira miwili, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi. Na kwa wiki tatu sasa nyundo ilikuwa ikivishwa, mipira ikiunganishwa, swichi ikibonyezwa, halafu nyundo inakaa kimya kama mkwe ugenini.

Kijiko kilikuwa kinafanya kazi. Magurudumu yalikuwa yanafanya kazi. Ni ile presha ya ziada tu, ya kulisha nyundo, iliyokuwa haionekani.

"Leo nataka nilisikie hilo dude likigonga," Msimamizi alisema akipita na faili kwapani. "Kuna sakafu ya ghala zima inatungoja."

"Utalisikia."

"Hiyo utalisikia naisikia tangu mwezi jana."

Fundi alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo aliyatumia zaidi kwa bolti. Alianza mwanzo kabisa, kama mtu ambaye hajawahi kuuona mtambo ule. Alichomoa fyuzi, akaiangalia kwenye mwanga: nzima. Alimwambia opereta abonyeze swichi kwenye mkono wa usukani, akagusisha bisibisi kwenye ile sumaku inayofungua njia ya oili. Bisibisi ikanata, maana yake umeme unafika na sumaku inavuta. Alivifuta viungio vya mipira, akavichomoa na kuvirudisha. Kiungio kikikataa kuingia ni kwamba kuna presha imefungiwa ndani ya mpira, lazima uiachie kwanza. Hivi viliingia kwa ulaini, kama mpira hauna kitu. Akavisha nyundo nyingine iliyoazimwa. Nayo kimya.

Opereta alikuwa anaitwa Bwana Harusi. Alioa mwaka uliopita na jina likamganda. Alikuwa amechukua kiti cha Kibeti miezi miwili nyuma, baada ya opereta wa kwanza kufa.

"Labda pampu imechoka, Fundi," alisema.

"Tuiulize."

Akafunga geji kwenye pampu. Injini ilipokolezwa, mshale ulipanda hadi mia mbili na kutulia hapo, presha ya mtambo mzima wa afya. Akafungua geji, akaifunga kule mbele, kwenye kiungio cha nyundo. Mshale ulilala kwenye sifuri. Kutoka pampu hadi kiungio ni hatua mbili za bomba. Fundi alitandika boksi lililokunjuliwa chini ya mtambo mzima, akauacha ungurume nusu saa, kisha akalivuta. Boksi lilikuwa kavu. Na oili kwenye kidirisha haikuwa imepungua hata tone.

"Inatoka hapa," alimwambia Msimamizi, "haifiki hapa, na haijamwagika."

"Sasa imekwenda wapi?"

"Kwingine."

Msimamizi alikuwa mtu wa ratiba, hakuwa na muda wa kushangaa. "Basi andika huko kwingine ni wapi, tuifuate," alisema, akaenda zake.

Saa nne simu ya Fundi ililia. Aliyepiga alikuwa mjane wa yule opereta wa kwanza. Fundi humwita shemeji, maana yeye na marehemu walikuwa zaidi ya ndugu, wamekula pamoja miaka kumi na moja kwenye kivuli cha mtambo.

"Shemeji, habari za kazi?"

"Nzuri, shemeji. Habari za nyumbani?"

"Nyumbani kumenyanyuka."

"Kumenyanyuka vipi?"

"Nyumba. Wiki ya tatu sasa inapanda saa mbili, mnapowasha. Saa sita na nusu inashuka, nadhani mnakula. Saa saba na nusu inapanda tena mpaka jioni. Jumapili inakaa chini. Silalamiki. Nataka tu kujua kama ni jambo la kudumu, maana nataka kupiga lipu."

Fundi alimwambia Bwana Harusi asizime injini wala asiguse swichi. Akachukua geji na pima maji, akaondoka.

Nyumba ya shemeji ilikuwa ya matofali, vyumba viwili na ukumbi. Kona yake ya nyuma ilikuwa imedidimia tangu mfereji wa maji ya mvua ulipokula msingi, na ufa umepanda ukutani hadi dirishani. Marehemu aliahidi kuinyanyua. Kila mwezi aliahidi. "Nitainyanyua, mke wangu. Taratibu." Kila kitu kwake kilikuwa taratibu, na mwisho watu wakaacha jina lake, wakamwita Taratibu.

Sasa nyumba nzima ilikuwa juu ya ardhi kwa kiasi cha shibiri moja. Fundi aliweka pima maji kwenye kizingiti. Kipovu kikakaa katikati sawasawa. Ufa ulikuwa umefumba. Chini ya nyumba, kwenye shimo la mfereji ambako nyumba ikishuka haifiki, kuku wa jirani alikuwa ameatamia mayai. Shemeji alikuwa ameweka tofali mbili mlangoni zimsaidie kupanda. Jirani mwenyewe alikuwa amelalamika mara moja tu, kwamba paa limeanza kumkinga jua kwenye kamba yake ya nguo, na shemeji akamhamishia kamba.

Fundi alizunguka nyuma. Kwenye kona ile iliyokuwa imedidimia, ukutani, usawa wa kiuno, vilitokeza viungio viwili vya mipira, dume na jike. Vilikuwa safi, na kila kimoja kilivaa kofia yake ya plastiki iliyofungwa kwa uzi mwekundu isipotee. Maopereta wote hutupa kofia zile siku ya kwanza. Aliyekuwa akizifunga kwa uzi ni Taratibu peke yake.

Fundi alivua kofia moja, akafunga geji. Mshale ulipanda hadi mia mbili na kutulia.

"Ni presha ya Kibeti," alisema.

"Nilijua," shemeji alijibu. Alikuwa amesimama nyuma yake, mikono imejaa unga wa sabuni. "Ukuta unanuka shati lake la kazi. Na tena haikuanza baada ya kufa. Wiki moja kabla, mlango ulianza kukwaruza juu, kwenye fremu. Akaupiga randa. Ati mbao imevimba. Kiangazi kile, mbao ivimbe kwa maji gani?"

Walipanda tofali, wakaingia ndani. Shemeji alinawa, akakausha mikono vizuri, ndipo akatoa karatasi iliyokuwa ndani ya mfuko wa plastiki. Ilikuwa barua yenye muhuri. Hakuhitaji kuisoma, aliishika tu huku akiisema kwa kichwa.

"'Kifo kilisababishwa na haraka na uzembe wa marehemu, ambaye alijipenyeza chini ya chuma cha usalama bila kukiinua, mtambo ukiwa unaunguruma.' Haraka, shemeji! Mume wangu akianza kuvaa viatu, mimi naweka chai jikoni, inachemka, naiepua, yeye yuko kwenye kiatu cha pili. Leo wanamwandikia haraka."

"Nimeisoma hiyo barua."

"Na ajipenyeze kwa tumbo lipi? Lile lake? Chuma kile kinalala mapajani. Lile tumbo lilikuwa linasalimia watu kabla yake." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, akasubiri kiishe. "Watu wakinipita wananiangalia kama mke wa mzembe. Sitaki kitu kingine kwao. Nataka neno hilo litoke. Wewe ndiye fundi wa ule mtambo. Niambie hili moja tu. Alijipenyeza?"

Fundi alitazama mlango, pale juu ulipopigwa randa.

Chuma cha usalama kina swichi. Opereta akikiinua ili ashuke, swichi inakata, na mikono ya mtambo inajifunga papo hapo, hata ukikanyaga pedali haishuki. Kwenye Kibeti swichi hiyo ilichoka. Ikawa inakata hovyo katikati ya kazi, nyundo inagonga mara tatu na kunyamaza. Msimamizi alimwita Fundi. "Unga kwanza," alisema. "Spea inakuja." Fundi akachukua kipande cha waya mwekundu, urefu wa kidole, akaiunga swichi ili mtambo udhani chuma kimeshuka siku zote. Taratibu alimuuliza, "Umeunga?" Akamjibu, "Nimeunga. Uwe mwangalifu ukishuka." Taratibu akacheka, "Mimi tena!" Hiyo spea ikawa inakuja kwa miezi minne.

Siku ile Taratibu aliinua chuma kama alivyokiinua miaka yote, akainama kutoka, na kisigino chake kikagusa pedali. Mikono ya mtambo ikashuka.

Spea ilifika saa moja baadaye. Ilitoka kwenye droo ya Msimamizi, ndani ya boksi lake, boksi likiwa na vumbi. Fundi aliifunga kwa mikono yake mwenyewe kabla mkaguzi hajafika. Mkaguzi aliinua chuma na kukishusha mara tatu, akaona swichi inakata vizuri, akamuuliza Fundi, "Ilikuwa hivihivi?" Fundi akasema, "Ndiyo." Alikuwa na sababu zake, na zote zilikuwa nyumbani kwake zikimsubiri alete chakula. Kama swichi ilikuwa nzima na mikono ilishuka, basi marehemu alijipenyeza. Hesabu ya mkaguzi haikuwa na jibu jingine.

"Hapana," Fundi alisema. "Hakujipenyeza. Alikiinua chuma. Swichi ilikuwa imeungwa, na aliyeiunga ni mimi. Kisha nikauficha ukweli."

Shemeji alikaa kwenye kiti. Kikombe kilichokuwa mezani kilitetemeka kidogo, kwa sababu ya mngurumo wa injini iliyokuwa mbali.

"Ulikuja hapa kwenye msiba," alisema. "Ukapasua kuni. Ukachota maji. Ukiwa unajua?"

"Nikijua."

"Nilikuombea dua wewe. Nikasema ndugu hata akiwa wa kuokota ni ndugu."

Fundi aliona aibu hadi masikio yakawa ya moto, na akaiacha iwe hivyo.

"Siwezi kukusamehe leo," shemeji alisema.

"Sijaomba leo."

"Basi nenda kaandike."

Wakati akitoka, Fundi alipita tena nyuma kuchukua geji. Katika ufundi wake wote, kosa likipatikana, kitu hubadilika: sauti, joto, harufu. Alidhani nyumba ingeshuka. Mshale ulikuwa palepale kwenye mia mbili, na kuku hakuwa ameamka kwenye mayai. Alirudisha kofia ya kiungio, akaukaza uzi.

Kadi ya kazi ina mistari mitatu ya hitilafu na mistari mitatu ya chanzo. Fundi aliijaza yote, akageuza nyuma, akaendelea. Aliandika tarehe aliyounga, aliyemwagiza, urefu wa waya, tarehe aliyoufungua na saa. Aliandika kuwa presha ya ziada ya Kibeti inanyanyua nyumba ya marehemu kwa shibiri moja, kona zote sawa, haivuji. Akatia sahihi.

Msimamizi aliisoma mara mbili.

"Hii ni kadi ya kazi," alisema, "siyo kitabu cha toba."

"Uliuliza kwingine ni wapi."

"Niliuliza wapi. Sikuuliza kwa nini." Akaikunja kadi, akaiweka kwenye ile droo. Halafu akatoa kadi mpya na kuandika kwa herufi kubwa: PRESHA YA ZIADA INA MZIGO WA NJE. ISITUMIKE KWA NYUNDO. "Kuhusu hiyo barua, ilishapigwa muhuri. Nani atakwenda kubandua muhuri?"

"Mimi."

"Kaubandue basi, wala sikuzuii."

Fundi aliandika nakala nyingine, akaipeleka ofisini kwa mkaguzi. Karani aliipokea kwa adabu, akafungua kabati, akatafuta kwa subira, akarudi na kusema faili lilishafungwa, na faili lililofungwa halina mahali pa kuingizia karatasi. Akamshauri aandike barua ya kuomba lifunguliwe. Fundi aliiandika palepale kaunta. Karani akasema barua hiyo itawekwa kwenye faili husika.

Nakala ya mwisho alimpelekea shemeji. Aliisoma amesimama mlangoni, juu ya tofali zake, hakumkaribisha ndani. Alipomaliza aliitia kwenye mfuko uleule wa plastiki, pamoja na ile yenye muhuri. Karatasi hizo mbili zimo humo mpaka leo, lakini benki, shule na ofisi husoma ile yenye muhuri tu.

Kibeti hakikuuzwa. Kiliendelea kuchota mchanga na kifusi, kazi ambayo haihitaji presha ya ziada. Kila siku saa mbili Bwana Harusi aliwasha injini na kubonyeza swichi ya nyundo ingawa hapakuwa na nyundo, kwa sababu shemeji alikuwa ameshaanza lipu. Siku moja alisahau. Shemeji alimpigia Fundi, akasema kwa sauti kavu tu, "Mmenisahau," na Fundi akapiga mluzi kuvuka yadi, na nyumba ikapanda. Lipu ilikauka bila ufa hata mmoja.

Kwa ajili ya sakafu ya ghala, Msimamizi alikodi mtambo wa pili, mkuukuu kidogo, akamhamishia Bwana Harusi huko. Kibeti kikapewa opereta mwingine, naye akaelekezwa kuhusu swichi ya saa mbili, akasema sawa. Nyundo ya mtambo wa kukodi iligonga vizuri kwa siku tisa. Siku ya kumi ikaanza kugonga mara tatu na kunyamaza. Fundi aliangalia oili, fyuzi na sumaku, kisha akaweka kidole kwenye swichi ya chuma cha usalama. Ilikuwa inacheza kama jino bovu.

"Unga kwanza," Msimamizi alisema. "Spea inakuja."

"Siungi."

"Fundi, watu wa ghala wamesimama pale."

"Siungi, na Bwana Harusi asipande."

Msimamizi hakugombana. Alitoa plaizi kwenye sanduku la Fundi, akainama, akaunga mwenyewe. Aliunga waya vibaya, kwa mafundo, lakini ulishika. Nyundo ikagonga hadi jioni. Fundi alimweleza Bwana Harusi yote, tangu mwanzo. Bwana Harusi alisikiliza, akashukuru, akasema ana mke mjamzito na kazi ni hii moja, ila atakuwa anashuka taratibu.

Alhamisi asubuhi Bwana Harusi alimfuata Fundi kwenye bomba la kunawia.

"Fundi, una randa uniazime? Mlango wa kwangu umeanza kukwaruza juu."

Fundi alifunga bomba. Aliuliza kama mvua imenyesha upande huo. Bwana Harusi akasema hapana, na lenyewe ni jambo la ajabu kidogo, kwa sababu ukimwaga maji ukumbini hayaendi tena kwenye kona yake ya zamani. Sakafu imenyooka. Mke wake amefurahi.

Fundi alikwenda moja kwa moja kwenye mtambo wa kukodi, akakata waya. Msimamizi alipofika aliunga. Mchana Fundi akakata, na baada ya chakula Msimamizi akaunga. Hawakusemezana kwa ubaya. Walipokutana walisalimiana na kuulizana habari za nyumbani. Siku hizi Fundi anafika yadi saa kumi na mbili na nusu, kabla ya wote, na jambo la kwanza analofanya, kabla hata ya kuvaa ovaroli, ni kukata. Saa mbili Msimamizi anaunga. Bwana Harusi amepata randa kwa jirani.

Kwa kukatwa na kuungwa, ule waya umekuwa mfupi, haufiki tena upande wa pili. Jumatatu Msimamizi aliagiza waya mpya, mita kumi nzima. Uliletwa siku hiyohiyo. Spea bado inakuja.